Plagini imeandikwa "Tested up to 5.4" na mi nataka kupanda WordPress 6.8, nitajuaje ipi itakufa?

Kiberenge_Moro

Wakuu habari za majukumu. Naomba msinicheke, mi sio developa wa kusomea, nimejifunzia YouTube na kwa kuharibu vitu vya watu.

Nina tovuti ya dada mmoja hapa Morogoro anauza vitenge na batiki, duka la WooCommerce (plagini inayogeuza WordPress kuwa duka), niliitengeneza 2020 na tangu hapo naigusa pale tu inapoumwa. Iko WordPress 6.2 na PHP 7.4 (PHP ndo lugha inayoiendesha WordPress kwenye seva). Juzi watu wa hostingi wametuma barua pepe kwamba mwisho wa mwezi wanaondoa PHP 7.4 na kila mtu anahamishiwa 8.2, utake usitake. Nikasema basi ngoja nipandishe na WordPress yenyewe iende 6.8 nimalize kazi siku moja.

Sasa plagini (vile vipande vya kuongezea tovuti kazi) ziko 14. Nimeanza kuzipitia moja moja kule kwenye saraka ya WordPress.org ndo kichwa kikaanza kuuma. Slaida ya picha za ukurasa wa mbele imeandikwa "Tested up to 5.4", haijaguswa miaka 5, na juu wameweka lile onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa 3 ya mwisho. Kitufe cha WhatsApp kimeishia 5.6. Ya fomu imeandikwa 6.8, safi. Halafu kuna ya malipo ya simu ambayo nilinunua kwa jamaa mmoja akanitumia zip WhatsApp, hiyo haina ukurasa popote duniani.

Kinachonichanganya zaidi, nikienda Dashibodi kwenye Updates ile ya fomu inasema inaendana na WordPress yangu 100%, ila slaida na malipo hazipo hata kwenye orodha, nikajua basi hizo hazina shida si ndio? Rafiki yangu ananiambia kinyume chake, eti isiyokuwepo ndo ya kuogopa. Nani yuko sahihi, na nyie mnaamuaje plagini hii itaishi hii itakufa kabla hujabonyeza? Maana nikibonyeza duka likazima Jumamosi huyu dada atanimaliza.

Gwiji_wa_Bure

Kitu kinafanya kazi unakigusa cha nini? Waandikie hostingi wakuachie 7.4. Mimi nina tovuti iko WordPress 4.9 mpaka leo na inapumua.

Nakuru_Kode

Gwiji hapana bana. PHP 7.4 ilikata kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, hao watu wa hostingi wamechelewa hata. Hiyo 4.9 yako inapumua ju hakuna mtu ameikumbuka bado.

Kiberenge, rafiki yako ako sahihi. Hiyo page ya Updates huonyesha tu plagini zenye ziko na apdeti inangoja. Plagini yenye mwenyewe aliiacha miaka 5 haiwezi kuwa na apdeti, so haitatokea hapo kabisa, na sio ati ni nzima, ni vile hakuna mtu wa kuisemea. Hiyo ya zip ndio mbaya zaidi, WordPress haijui hata ilitoka wapi. Na kitu kingine, plagini inaweza kufungwa huko kwenye saraka kwa sababu ya shimo la usalama na dashibodi yako isikuambie neno. Lazima uende mwenyewe kwa page yake uone kama imeandikwa imefungwa.

Na hiyo 100% yako isome mpaka mwisho. Kwa mabano imeandikwa kulingana na mwandishi wake. Yaani nimejipima mwenyewe nikajipata niko sawa.

mama_seva

Kiberenge mwanangu, kaa chini nikueleze taratibu, maana hapa watu wengi wanasoma namba isiyo sahihi halafu wanalaumu kitu kisicho na kosa.

Hiyo "Tested up to" ni mstari mmoja wa maandishi ndani ya faili linaloitwa readme.txt. Mwandishi wa plagini anauandika kwa mkono wake. Hakuna fundi wa WordPress.org anayekaa kuipima plagini yako na 6.8 halafu akapiga muhuri. Kabla ya kila toleo kubwa wanawatumia waandishi barua pepe, jamani jaribuni plagini zenu mbadilishe namba. Sasa mmoja atakaa wiki nzima ajaribu kweli, mwingine atafungua faili afute 6.7 aandike 6.8 arudi kulala. Na anaweza kuibadilisha hiyo namba bila kugusa hata herufi moja ya msimbo wala kutoa toleo jipya, saraka inaonyesha namba mpya hapohapo. Mimi mwenyewe nina kiplagini kimoja huko nimewahi kufanya hivyo, sitakudanganya.

Kwa hiyo 6.8 ya ile fomu inakwambia jambo moja tu la maana, kwamba mwenye plagini bado yuko hai na anaingia kazini. Hiyo sio habari ndogo! Ukipata shida kuna wa kumuuliza. Na 5.4 ya slaida inakwambia mwenyewe kaondoka. Kama plagini itakufa au haitakufa, namba hiyo haijasema.

Jambo la pili ndilo ningependa ulishike. WordPress yenyewe mara nyingi haichinji plagini. Wale watu wanabeba mizigo ya zamani kama punda wa Lamu, fungua folda ya wp-includes utakuta faili linaitwa deprecated.php, limejaa vitendea kazi vya miaka nenda rudi ambavyo walishasema msitumie lakini hawavitoi, ili plagini ya mzee fulani ya 2009 isianguke. Na usitishwe na kuruka namba, kutoka 5.9 kwenda 6.0 kulikuwa ni toleo kubwa kama mengine yote, 6 haina maana kwamba wamevunja nyumba wakajenga upya.

Mchinjaji ni PHP. Na wewe unapanda vyote viwili kwa pamoja.

PHP 8.0 iliondoa kabisa vitu ambavyo plagini za zamani zilivipenda. create_function imeondoka, each imeondoka, ule mtindo wa kuchukua herufi kwa mabano ya mawimbi umeondoka, na neno ulilosahau kuliwekea alama za nukuu ambalo zamani lilikuwa linakupa onyo tu likaendelea, sasa linaangusha ukurasa mzima. Kwenye readme kuna mstari wa "Requires PHP", na huo WordPress inauheshimu kweli, ukiwa na PHP ya chini plagini inagoma kuwaka. Ila huo ni wa sakafu. Wa dari haupo! Hakuna mahali mwandishi anaandika plagini yangu mwisho PHP 7.4. Hivyo slaida yako inaweza kuandikwa inahitaji PHP 5.6 kwenda juu, ukasoma ukafurahi, kumbe huko juu ndiko inakofia.

Kwa hiyo mimi nikipewa plagini ya kuamua, tarehe naiangalia mwisho. Kwanza najiuliza inagusa nini. Kitufe cha WhatsApp kinachapisha kiungo na kapicha pembeni, basi, hakina ugomvi na mtu, hicho cha 5.6 nakuhakikishia asilimia kubwa utakikuta hai. Inayogusa kihariri, au kuingia kwa watumiaji na nywila zao, au oda za WooCommerce, au inayobeba jQuery yake (maktaba ya JavaScript) kutoka nyumbani, hizo ndo naziwekea kiti nizikague. Unakumbuka 5.5 ya Agosti 2020 walipoacha kupakia jQuery Migrate, ile inayobeba msimbo wa jQuery wa zamani? Slaida na menyu ngapi zilikufa wiki ile, mpaka timu ya WordPress wenyewe wakatoa plagini ya kuirudisha kwa muda. Na hiyo 6.8 unayoiendea imebadilisha namna nywila zinavyohifadhiwa, wametumia bcrypt sasa (njia ya kuficha nywila), plagini inayotumia njia za kawaida za WordPress haitahisi kitu, ila ile iliyojitungia yenyewe namna ya kusoma nywila kwenye hifadhidata itaanza kuwafungia watu mlango.

Halafu fanya hivi. Tengeneza kijikoa (subdomain), nakili tovuti yote huko, faili na hifadhidata. Kwenye cPanel (paneli ya hostingi) unaweza kukipa hicho kijikoa PHP yake tofauti na duka lenyewe. Zuia Google isikisome, zima wp-cron (kazi za WordPress zinazojiendesha kwa ratiba) na zima barua pepe zisitoke, usije ukawatumia wateja oda za mwaka jana. Washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ili makosa yaandikwe kwenye faili la debug.log, ila WP_DEBUG_DISPLAY iweke false yasitokee kwenye skrini. Hapo ndipo unapanda, na usipande vyote kwa mpigo! Kwanza WordPress ikiwa bado 7.4, maana 6.8 inakubali PHP kuanzia 7.2.24. Halafu WooCommerce na plagini nyingine na mandhari (theme). Angalia duka. PHP mwisho kabisa. Kikianguka kitu utajua ni hatua ipi imekiangusha.

Kijiti_cha_Mwisho

Naona maelezo marefu. Mimi sheria yangu moja tu, plagini haijaguswa mwaka mmoja nafuta, sijali inafanya kazi au haifanyi. Sijawahi kupata shida.

mama_seva

@Kijiti hiyo ni sheria ya usalama, na hapo sikubishii sana. Ila mwuliza kauliza inaendana au haiendani, hayo ni maswali mawili. Kuna plagini imekwisha, yaani kazi yake ni ndogo na imeshakamilika, mwandishi hana cha kuongeza, na kuna plagini imetelekezwa. Kwa tarehe peke yake zinafanana kama mapacha. Mimi natofautisha kwa kwenda kwenye sehemu ya msaada ya plagini nione watu wanauliza nini na nani anajibu. Ukikuta malalamiko 6 yote yanasema "tangu nipande PHP 8 ukurasa mweupe" na hakuna aliyejibu, jibu umeshalipata bila kufungua msimbo. Ukikuta kimya kabisa na imewekwa kwenye tovuti elfu kadhaa, huenda ni nzima.

Zamani kulikuwa na kisanduku pale kwenye ukurasa wa plagini, watu wanapiga kura imefanya kazi au imeharibika kwa kila vesheni. Walikiondoa saraka ilipobadilishwa sura. Wengi walikuwa wanabonyeza "imeharibika" kwa sababu wameshindwa kusoma maelekezo, lakini mimi nakikumbuka kwa wema.

Nakuru_Kode

Niongezee kwa hiyo ya malipo ju hapo ndio pesa iko. Sahau WordPress kidogo, hiyo plagini shida yake ni WooCommerce. Kuanzia WooCommerce 8.2, Oktoba 2023, duka jipya huweka oda kwa meza zake zenyewe, hiyo kitu wanaita HPOS, sio kwa wp_posts (meza ya posti za WordPress) kama kitambo. Kama jamaa wako aliandika get_post_meta (ya kusoma data za posti) akitafuta namba ya oda, kwa HPOS atapata hewa. Mteja amelipa, simu imelia, oda imebaki Pending (inasubiri malipo). Hiyo ndio bug mbaya ju hakuna error yoyote utaona.

Fungua faili zake utafute get_post_meta na update_post_meta. Kama ziko karibu na order_id, ujue. Pia angalia juu ya faili kuu kama kuna mstari wa "WC tested up to", venye imeandikwa itakuambia aliandika enzi gani.

Kitu kidogo tena: hiyo folda ya zip inaitwaje? Kama jina lake linafanana na plagini nyingine iko kwa saraka, WordPress inaweza kukuletea apdeti ya huyo mwingine na ukifinya inafunika yako yote. Tangu 5.8 kuna mstari wa Update URI mwandishi anaweza kuweka kuzuia hiyo, lakini wengi wetu hatukuwahi sikia.

Kiberenge_Moro

Mama shikamoo, na asante, nimesoma mara tatu. Nakuru asante pia.

Sasa kabla sijatengeneza kijikoa nilikuwa na haraka nikasema nijaribu njia ya mkato, kuna kile kitu WordPress Playground kinaendesha WordPress ndani ya brauza bila hostingi, unachagua WordPress 6.8 na PHP 8.2 unapandisha zip yako unaona. Nikaweka WooCommerce mpya nikapandisha ile ya malipo, ikawaka vizuri bila kosa. Nikasema ahaa. Nikaongeza bidhaa kwenye kikapu nikaenda kulipa... njia ya malipo haipo. Kwenye mipangilio ipo na imewashwa, ila mteja haioni, anaambiwa hakuna njia ya malipo. Imekufa hiyo si ndio? Nimempigia jamaa aliyeniuzia simu haipatikani. Nimeanza kumwambia dada tutafute plagini nyingine, kauliza bei, nimenyamaza.

Gwiji na wewe hiyo 4.9 yako ipandishe bana.

mama_seva

Marahaba mwanangu. Usimwambie dada kitu bado, haijafa hiyo.

Umejaribu kwenye duka jipya, na duka jipya linakuja na ukurasa wa malipo wa bloku (vipande vya kihariri kipya), tangu WooCommerce 8.3. Plagini ya malipo iliyoandikwa kabla ya hapo haijui kuongea na hizo bloku mpaka mwandishi aongeze kipande chake, kwa hiyo inawaka, mipangilio ipo, lakini kwa mteja haionekani. Fungua ule ukurasa wa malipo, ondoa bloku, weka shotikodi (neno la kwenye mabano linaloita kazi ya plagini) ya [woocommerce_checkout], jaribu tena. Kama itatokea, basi tatizo ni hilo tu.

Na duka la dada ni la 2020, ukurasa wake utakuwa bado wa shotikodi. Kupandisha WooCommerce hakubadilishi ukurasa ulionao. Vilevile HPOS aliyoitaja Nakuru, ni kweli tupu alichosema, ila kwa duka la zamani haijiwashi yenyewe, oda zako zinabaki wp_posts mpaka wewe uende kwenye mipangilio ya WooCommerce, Advanced, Features, uibadilishe. Usiibadilishe leo. Siku ukitaka, pale pale WooCommerce itakutajia plagini ambazo hazijatangaza kwamba zinaielewa.

Ndiyo maana nilisema nakala ya duka lenyewe. Playground ni nzuri kwa swali moja, inawaka au haiwaki kwenye PHP hii. Duka lako lina miaka mitano ya mipangilio ambayo Playground haina.

Nakuru_Kode

Kweli mama, hapo nilikuwa nafikiria duka mpya. Zangu zote nilianza 2024 so mimi hugongwa na hiyo kila mara.

Kijiti_cha_Mwisho

Kwani si apdeti za kujiendesha zinarudisha zenyewe siku hizi kikiharibika kitu? Washa uende kulala.

mama_seva

Zinarudisha tangu 6.6, Julai 2024, ni kweli. Ila soma inavyokagua. Baada ya kupandisha plagini inafungua ukurasa wa nyumbani na kuangalia kama kuna kosa la kuangusha PHP. Nyumbani ikifunguka, imeridhika. Ukurasa wa malipo ukiwa umekufa, au kitufe hakibonyezeki kwa sababu ya JavaScript, yenyewe haina habari. Na inarudisha faili, hifadhidata hairudishi. Plagini kama zile za fomu zikipanda matoleo mawili matatu zinabadilisha meza zao, ukirudisha faili za zamani juu ya meza mpya unapata mnyama wa ajabu. Bakapu ya hifadhidata kabla ya kila hatua, Kiberenge, na uishushe kwenye laptopu yako usiiache kwenye seva ileile.

Kiberenge_Moro

Wakuu nimerudi. Kazi imeniua siku mbili na bando lote la wiki, ila nawapa ripoti kamili.

Nimetengeneza kijikoa kama mama alivyosema. Nimepandisha WordPress 6.8 ikiwa PHP 7.4, kila kitu kimekubali, hata slaida ya 5.4 inazunguka kama jana, nikashangaa. WooCommerce, fomu na mandhari nazo zimepanda vizuri. Nikajisemea hawa watu wamenitisha bure.

Nikabadilisha PHP kwenda 8.2. Tovuti nzima ikaandika kuna kosa kubwa. Dashibodi pia haifunguki. Nikaenda kwenye debug.log mwisho kabisa:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function()

na njia ya faili inaishia ndani ya folda ya slaida. Mstari wenyewe ulikuwa ule wa kusajili wijeti, add_action halafu widgets_init halafu create_function. Mstari mmoja mama! Nikabadilisha jina la folda ya slaida kwenye File Manager, tovuti ikarudi muda huohuo. Ila ukurasa wa mbele ukawa unaonyesha maandishi [slaida id=3] mbele ya watu, ikabidi nikafute ile shotikodi nikaweka bloku za picha za WordPress yenyewe. Dada kasema inapendeza kuliko mwanzo, sikumwambia kwa nini nimebadilisha.

Kitufe cha WhatsApp cha 5.6 kizima kabisa, hakijaandika hata mstari kwenye logi. Ile ya malipo inaandika mistari mingi sana ya Deprecated, "Creation of dynamic property" nini nini, kila ukurasa. Hiyo niogope?

Na mama ile shotikodi kwenye Playground nimejaribu, njia ya malipo imetokea. Asante sana.

mama_seva

Huo mstari wa wijeti ndio muuaji mkuu wa plagini za zama zile, nimeuona mara nyingi mpaka nimeuzoea kama jirani. Ungeweza kuurekebisha kwa kuandika function ya kawaida pale, lakini kwa plagini iliyotelekezwa umefanya vizuri kuitoa.

Deprecated ya 8.2 sio kifo, ni PHP inakwambia jambo hili tutalikataza huko mbele. Inafanya kazi. Hatari yake ni moja, ukiiacha ichapishwe kwenye skrini. Mtandao wa simu ukirudisha jibu la malipo kwenye tovuti yako, plagini inatakiwa ijibu kwa JSON safi (data iliyoandikwa kwa mpangilio ambao mashine inausoma). Ukitanguliza sentensi ya onyo hapo mbele ile JSON imeharibika na huenda upande wa pili ukadhani hujapokea. Ndio sababu ya WP_DEBUG_DISPLAY kuwa false. Kwenye duka lenyewe zima WP_DEBUG kabisa ukimaliza.

Ila malipo kwa kijikoa hukuyajaribu mpaka mwisho, sivyo? Maana jibu la mtandao wa simu linakwenda kwenye anwani uliyosajili, ambayo ni ya duka, sio ya kijikoa.

Nakuru_Kode

Huku kwetu Daraja (API ya M-Pesa ya Safaricom) iko na sandbox yake, unaweka callback (anwani ya kupokea jibu) ya kijikoa unajaribu bila pesa. Angalia kama mtandao wako huko uko na mazingira ya majaribio. Kama hauna, hama usiku ununue kitu mwenyewe.

Btw nimecheki faili za slaida za mtu mwingine juzi kwa php -l ya 8.2, ikasema hakuna kosa la sintaksia. Kwa hivyo msiamini hiyo peke yake, inashika yale mabano ya mawimbi lakini create_function haioni, hiyo hufa tu wakati inaitwa. Kutafuta neno lenyewe ndani ya faili kwa grep ndio dawa.

Kiberenge_Moro

Nimehama jana saa 5 usiku, bakapu mbili, moja kwa laptopu moja kwa flashi. Kwenye plagini ya malipo sikugusa kitu. Nikajinunulia kitambaa cha leso cha shilingi 1,000 kwa simu yangu, simu ikalia, nikaweka namba ya siri, nikakaa naangalia oda... Processing, yaani malipo yameingia. Nimeruka kitandani mke wangu akaniuliza tumeshinda nini.

Ila kuna kitu nilisahau. Mama ulisema nizime barua pepe kwenye kijikoa, sikuzima. Ile siku slaida ilipoangusha kijikoa WordPress ilituma ile barua ya kwamba tovuti yako ina tatizo la kiufundi na kiungo cha kuingilia hali ya kuokoa, sasa barua pepe ya msimamizi kwenye mipangilio ni ya shemeji yake dada, yeye ndo alikuwa amelipia jina la tovuti 2020. Shemeji kaona barua ya Kiingereza, kampigia dada duka limevamiwa, dada kanipigia mimi analia. Na nikitaka kuibadilisha hiyo anwani naona wanasema watatuma barua ya kuthibitisha, na huyo shemeji kwa sasa hataki kusikia jina langu. Namshawishije?

mama_seva

Barua ya kuthibitisha inakwenda kwenye anwani mpya, mwanangu, sio ya zamani. Shemeji hahitajiki.